Kwa Nini Mama Dhima Alikataa Mkataba

Ijumaa, tarehe 28 Juni, mwalimu wetu wa Sosholojia ya Msingi atakabidhi funguo za ofisi na kwenda nyumbani, baada ya kufundisha katika chuo hiki cha uuguzi kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini sidhani kama nusu ya wafanyakazi wamewahi kulisoma. Hapa anaitwa Mama Dhima, na hata katibu muhtasi huanza barua zake za kiofisi kwa jina hilo, kisha hushtuka na kuzichapa upya.

Mhariri wa jarida la chuo amenitupia mimi kazi ya kumwandika. Mimi ni mwalimu wa takwimu, wanafunzi wananiita Mzee Wastani, na ofisi yangu imetazamana na ya Mama Dhima mlango kwa mlango. Nilimwambia mhariri kwamba kusifu sijui. Akanijibu kuwa ndiyo sababu amenichagua, maana wengine wangetia chumvi mpaka mwenyewe ashindwe kujitambua. Haya basi, nitaandika nilichokiona.

Nianze na hili, maana najua ndilo mnalolitafuta humu. Mwezi Machi chuo kilimpa Mama Dhima mkataba wa miaka miwili ili aendelee kufundisha baada ya kufikia umri wa kustaafu. Alifurahi, akasema atatia saini. Aprili akaurudisha bila saini. Kwenye korido yamesemwa mengi: eti masharti mabaya, eti kakosana na Mkuu wa Chuo, eti presha. Yote uongo. Sababu ni binti yake wa pekee, ambaye kwa miaka saba alikuwa akiongea naye kama ofisi mbili zinavyoongea, na ilikuwa haijulikani kama atampata tena au ndiyo basi. Mama na binti wote wamenipa ruhusa ya kulisimulia hilo, na nitalifikia. Lakini kwanza kazi, kwa sababu asiyeijua kazi yake hawezi kuelewa alipoteleza.

Alifika hapa akiwa msichana mwembamba mwenye begi la turubai, na siku ya kwanza tu akavuruga mambo. Aliingia chumba cha chai, akaona kiti kitupu karibu na dirisha, akakikalia. Maongezi yakakatika. Hakuna aliyemwambia inuka, hakuna aliyenuna waziwazi, ila mpishi wa chai alimletea kikombe bila kisahani, na mhasibu akaanza kukohoa wakati kifua chake kilikuwa kizima. Kumbe kiti kilikuwa cha Makamu wa Mkuu. Kichekesho ni kwamba Makamu huyo alikuwa ameshahamishwa zamani, na kiti chake bado kinaheshimiwa na watu ambao hata yeye mwenyewe hawakumpenda. Mwingine angeona haya, akaenda kunywea chai ofisini. Yeye alitoa kalamu. Tangu hapo somo lake la kanuni za jamii limekuwa likianzia kwenye kiti kile: kanuni ambayo hakuna aliyeiandika wala kuitangaza, na kila mtu aliilinda kwa kikohozi. Kiti chenyewe kilivunjika mguu baadaye, kikapelekwa stoo, na mahali pake pakakaa bure muda mrefu kabla hatujathubutu kuweka kingine.

Kipindi chake cha kwanza kila mwaka kilikuwa na mtindo wake. Wanafunzi wapya walikuta ubao mtupu na hakuna mwalimu. Mama Dhima alikuwa ameshaingia mapema, amekaa nyuma kabisa katikati yao, daftari mbele, kimya. Akawaacha. Baada ya muda mmoja angejitokeza kuwatuliza wengine, mwingine angetangaza kwamba mwalimu haji, wa mbele wangeendelea kukaa wima kana kwamba wanatazamwa, na wa nyuma wangeanza kupiga soga. Wakishajigawa vya kutosha, alisimama, akatembea mpaka mbele na kuwaeleza walichokifanya. Hamjuani majina, aliwaambia, lakini mmeshapata kiongozi, mmepata wapinzani, mmepata wachekeshaji, na yule pale mmeshampa kazi ya kwenda kuchungulia ofisini. Huo ndio muundo wa jamii. Hauletwi na lori.

Mwaka mmoja kijana aliyekaa naye alimsengenya mwalimu wa sosholojia muda wote wa kusubiri. Alimwambia amesikia ni mkali, hacheki, na anavaa viatu vya kiume. Mama Dhima akawa anaitikia tu, eti kumbe, eti wewe. Alipoinuka kwenda mbele, kijana alitazama viatu, akainamisha kichwa hadi kikagusa dawati. Alifaulu vizuri sana, na leo ni muuguzi mkuu wa wodi. Mvi zilipozidi mchezo ule ukaanza kuharibika, kwa sababu wanafunzi walidhani ni mzazi aliyekuja kulalamika. Wakawa wanampisha kiti na kumuuliza mwanawe ni yupi. Akasema hata hilo ni somo, akaliingiza kwenye mtaala.

Wanafunzi wa uuguzi hufika hapa wakitaka sindano na bandeji, na kila mwaka kuna anayeuliza sosholojia inaponya ugonjwa gani. Jibu lake halikubadilika. Hadhi, aliwaambia, ni mahali ulipo: muuguzi, mgonjwa, mteja, mpangaji, mama. Dhima ni yale watu wanayotarajia uyafanye ukiwa mahali hapo. Mtu mmoja hubeba hadhi nyingi kwa siku moja, na anayelazwa wodini hunyang'anywa karibu zote mlangoni pamoja na viatu. Jana alikuwa fundi, baba, mwenyekiti wa kikundi. Leo ni kitanda cha dirishani. Ukimsahau yule wa jana, aliwaambia, utamchoma sindano vizuri na bado hutakuwa umemhudumia. Alilitamka neno hilo, dhima, mara nyingi kiasi kwamba jina lenyewe lilijileta.

Kazi yake moja inaonekana kwa macho. Kaunta ya mapokezi katika hospitali yetu ya mafunzo ilikuwa ndefu ya kumfika mtu kidevuni, muuguzi juu, mgonjwa chini, mwenye kiti cha magurudumu ndiyo haonekani kabisa. Mama Dhima alipeleka hoja kwamba kaunta ile inawafundisha wagonjwa kuomba badala ya kueleza. Kamati ikamjibu kwamba kaunta haifundishi mtu, ni mbao. Hakubishana. Akamwalika mwenyekiti wa kamati kwenda kujiandikisha pale akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na mwenyekiti akatumia asubuhi nzima akiongea na mbao. Fundi seremala aliitwa wiki ileile. Leo pale mapokezi watu hutazamana usoni, na wengi wenu mnaopita hamjui kwamba kuna mtu alipigania sentimita zile.

Lakini lililompa umaarufu zaidi ni Zoezi la Kona. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili huchagua kona moja ambapo watu hukutana, akakaa hapo siku kadhaa bila kuuliza mtu swali, na kuandika nani anamsalimu nani kwanza, nani anampisha nani, nani husimama na nani hukaa. Mmoja alikaa kwa kinyozi, akagundua kuwa kinyozi ndiye mtu pekee mjini anayeweza kumshika meneja wa benki kichwa na kumwambia tulia. Mwingine alikaa kwenye foleni ya maji, akaandika kurasa nyingi kuhusu ndoo zinazoachwa zipange foleni kwa niaba ya wenyewe, na jinsi ndoo ya mtu mwenye kauli inavyosogea mbele bila miguu. Masharti ya zoezi ni machache, na kubwa kuliko yote ni hili: usichague mahali ambapo wewe mwenyewe ni mwenyeji, kwa sababu wa ndani haangalii, anatetea. Atakayevunja sharti hilo amefeli. Wapo waliofelishwa hivyo, na hakuna aliyewahi kusamehewa.

Hapo ndipo anapoingia binti.

Baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Binti alikua akisikia habari za wodi na wagonjwa, akapenda uuguzi, akaomba chuo hiki, akapata. Na hapa sosholojia ina mwalimu mmoja tu. Mama Dhima, ambaye alikuwa akifundisha mgongano wa dhima kila mwaka, yaani pale hadhi mbili za mtu mmoja zinapomvuta huku na huku, aliamua kuukomesha mgongano kabla haujaanza. Wakaafikiana kwamba geti la chuo ni mpaka. Ndani ya geti ni Mwalimu na mwanafunzi. Nje ya geti ni Mama na mwanawe.

Mwanzoni ilikuwa burudani. Asubuhi walikuja pamoja wakicheka, wakafika getini, wakanyamaza ghafla kama redio iliyozimwa, kila mmoja akashika njia yake. Mlinzi alikuwa akiwasubiri kwa hamu. Siku moja Mama Dhima aliugua homa, binti akabaki nyumbani kumhudumia. Kesho yake Mwalimu alimwita mbele ya darasa na kumuuliza alikuwa wapi. Binti akasema alikuwa anamuuguza mama yake. Mwalimu akataka barua ya mzazi. Jioni, nyumbani, Mama akaketi akaandika barua kwa Mwalimu, akieleza kwamba aliugua na mwanawe alimsaidia sana. Asubuhi binti akaiwasilisha, Mwalimu akaisoma mpaka mwisho kwa makini, akasema imekubaliwa ila siku nyingine iletwe mapema. Tulicheka mpaka mpishi wa chai akamwaga maziwa. Binti naye alicheka, lakini nikikumbuka vizuri alikuwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza.

Kosa la mpango ule, ambalo watu wa fani nyingine wasingeweza kulifanya hata wakijaribu, ni kwamba mpaka ulizuia upande mmoja tu. Umama haukuingia chuoni hata kidogo. Ualimu, lo, ulitoka kila jioni ndani ya begi la turubai na kwenda nyumbani kula chakula cha usiku.

Zoezi la Kona lilipofika, binti alichagua meza ya chakula ya nyumbani kwao. Niliisoma kazi ile, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba sijasoma nyingine ya mwanafunzi niliyoirudia mara tatu. Aliandika kwa utulivu, bila lawama. Kalamu nyekundu hukaa pembeni ya chumvi. Mazungumzo huanza na somo la leo na kuishia kwenye somo la kesho. Mkaaji mdogo akieleza jambo, mkaaji mkubwa humrekebisha istilahi. Siku mkaaji mdogo aliporudi akiwa na maumivu ya jino, aliyegundua shavu limevimba ni jirani aliyekuja kuazima ungo. Hitimisho lake lilikuwa fupi: katika nyumba hii dhima ya mwalimu imejaa mpaka mlangoni, na dhima ya mtoto imebaki bila mtu wa upande wa pili.

Mama Dhima alimpa alama za kufeli. Sharti lilikuwa limevunjwa. Binti alikuwa mwenyeji wa kona ile kuliko mtu yeyote duniani. Mkuu wa Chuo, akiona hapa pana moto, aliniomba niisahihishe mimi pia. Nilimpa alama za juu sana. Kisha nikapendekeza, kama kawaida yangu, tuchukue wastani, na kwa wastani binti alikuwa anafaulu. Mama Dhima alikataa katakata. Alisema kabla ya huyu alishawafelisha wengine kwa kosa hilohilo, na mama zao hawakuwa na ofisi hapa. Je, awaambie nini? Hoja ilikuwa nzito. Kwa kanuni za chuo neno la mwisho ni la mwalimu wa somo. Binti akatakiwa kurudia mwaka.

Jioni ile alimfuata mama yake jikoni, macho mekundu, akamwambia anataka waongee. Mama Dhima alikuwa anakoroga mboga. Alimjibu, bila ukali wowote, kwamba mambo ya alama huzungumzwa ofisini, aje kesho saa nne.

Saa nne binti akaja. Nilimwona, maana milango yetu ilikuwa wazi. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaamkia Mwalimu, akaweka mezani ombi la kuacha masomo. Mwalimu akalisoma, akauliza kama ameshauriana na mzazi. Binti akasema mzazi alikuwa na shughuli. Mwalimu akatia saini. Ndivyo ilivyokuwa, jamani, na mimi nilikaa upande wa pili wa korido nikiwa na chaki mkononi kama sanamu. Mwalimu alijua tangu saa nne. Mama alijua jioni, aliporudi akakuta chumba kimefagiliwa na kabati halina kitu. Binti alikuwa ameshapanda basi kwenda kwa mama yake mdogo, mji mwingine.

Kazini Mama Dhima hakukosa hata siku moja. Aliyekuwa hamjui asingeona tofauti. Mimi niliona mbili. Aliacha kubeba kazi za wanafunzi kwenda nyumbani. Alisahihisha ofisini mpaka mlinzi akaja kutikisa funguo mlangoni. Na mada ya mgongano wa dhima akaacha kuifundisha darasani. Aliwaambia wanafunzi waisome wenyewe, nao wakafurahi wakidhani haiji kwenye mtihani.

Binti alipata kazi katika duka la dawa, akaolewa, akazaa. Simu zao nilizisikia, kwa sababu Mama Dhima huongea na simu kana kwamba anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto. Habari za kazi. Nzuri, na huko? Nzuri. Mvua zimeanza? Bado. Haya, salimia. Mara moja nilimuuliza kwa nini asiende tu, akapiga hodi, akamwambia mtoto wa watu pole. Akasema hajui angeenda kama nani. Nilidhani anafanya mzaha wa fani yake, kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli.

Mwaka juzi alikwenda kumtembelea mdogo wake na akamkuta binti hapo, na mjukuu ambaye alikuwa hajamwona zaidi ya kwenye picha. Alinisimulia aliporudi. Alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuposa. Mvua ikaanza ghafla, nguo zikiwa kwenye kamba, binti akainuka mbio na kumtupia mtoto mikononi akisema shika basi, Mama. Akamshika. Mtoto akalala. Nguo ziliingizwa, mvua ikakatika, chakula kikapakuliwa, na hakuna aliyekuja kumpokea mtoto, naye hakuthubutu kujitikisa asije akamwamsha. Alipokuwa akinieleza hayo alikuwa anapanga chaki kwenye kopo, akazipanga, akazitoa, akazipanga tena.

Sasa Aprili. Tulikuwa chumba cha chai, mapumziko ya asubuhi, watu wamejaa. Mkataba ulikuwa mezani mbele yake kwenye bahasha, na Mkuu wa Chuo alikuwa ameshamkopesha kalamu. Simu ikalia. Alikuwa binti, na simu ya Mama Dhima, kama mnavyojua, ina spika ambayo hajawahi kujua inazimwaje. Binti akasema amekubaliwa kurudi chuoni Septemba kumalizia uuguzi alioukatiza. Mume wake kazi zake ni za safari, kwa hiyo atakuja na mtoto, na yuko kwenye kupanga: atafute chumba mjini, au aje nyumbani.

Kuna kanuni ambayo Mama Dhima aliifundisha miaka yote: watu wakisikia lisilowahusu mahali pa wazi, hujifanya hawasikii, na kujifanya huko ndiko heshima yenyewe. Tuliitekeleza vizuri sana. Watu walikoroga chai isiyo na sukari. Mhasibu alisoma lebo ya pakiti ya majani kama mkataba wa nyumba.

Kisha binti akauliza, polepole, nikija nyumbani nitamkuta nani?

Mama Dhima alitazama ile bahasha. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili, roho juu, nikimwomba moyoni asiseme tutaongea baadaye, asimwambie apige jioni, asitaje saa wala ofisi. Hakutaja. Alisema palepale, ndani ya geti, mbele ya idara nzima, kwa sauti yake ileile ya ng'ambo ya mto: "Utamkuta mama yako."

Upande wa pili tukasikia mtu anavuta kamasi, na sauti ikasema, haya, basi tunakuja. Mama Dhima akairudisha kalamu kwa Mkuu wa Chuo.

Mkuu wa Chuo si mtu wa kukata tamaa. Alimfuata ofisini akampa njia za kutokea: binti atasahihishiwa na mwalimu wa nje, atapangiwa mkondo mwingine, watapishana hata ratiba. Mama Dhima alimsikiliza, akamshukuru, akasema alishajaribu kuwa watu wawili kwa mtoto mmoja na safari hii anataka kuwa mmoja. Na wakati binti yuko darasani, kuna mtu mdogo atakayehitaji kulishwa uji.

Nilimuuliza baadaye kama leo angempa alama nyingine. Nilitumaini, nakiri. Akatikisa kichwa. "Alama ilikuwa sahihi, Mzee Wastani," alisema. "Saa nne ndiyo haikuwa sahihi. Alikuja jikoni. Ningezima jiko." Alilia kidogo, na mimi sikujua pa kutazama, nikamsogezea kitambaa cha kufutia ubao, ambacho kilimfanya acheke kwa sababu kilikuwa kimejaa vumbi la chaki. Tulibishana tena kuhusu alama mpaka kengele ikalia. Tutaendelea kutokubaliana, na sioni ubaya.

Kuhusu somo lenyewe, mpaka mwalimu mpya apatikane, Mkuu wa Chuo ameamua lifundishwe na mimi. Ndiyo, mimi. Nimekabidhiwa maandishi yake, mtihani wake na Zoezi la Kona pamoja na masharti yake yote, na Septemba nitakuwa na mwanafunzi wa kike anayerudi baada ya miaka saba, mwenye kona yake ya kuchagua. Ole wake achague nyumbani. Wanafunzi wameshaanza kuniangalia viatu.

Nimemaliza ya kwangu, sasa nakugeukia wewe mwenyewe. Kwa niaba ya idara, ya wodi zote zilizopokea wanafunzi wako, na ya kila mgonjwa anayeongea na muuguzi macho kwa macho pale mapokezi, asante. Umetufundisha kutazama watu tuliokuwa tukiwapita. Tunakuombea afya, nyumba yenye kelele, na binti anayerudi jioni amechoka, ana mengi ya kusimulia, na istilahi nyingine amezikosea. Usimrekebishe. Nenda salama, Mama. Hilo la Mwalimu tuachie sisi.